Moja kwa Moja au kwa Kuunganisha: Kulinganisha Umbali na Muda wa Safari kati ya Viwanja Viwili vya Ndege

Msafiri anayetafuta ndege kati ya viwanja viwili huonyeshwa namba mbili kabla ya jambo jingine lolote: umbali kwa kilomita na muda kwa saa. Namba hizo huonekana kama zinategemeana, kwamba ukiujua umbali na kasi ya ndege basi muda umeshaupata. Kwa anayepaswa kuchagua kati ya ndege inayokwenda moja kwa moja na safari inayopitia mji wa tatu, hesabu hiyo haitoshi, na mara nyingine humpeleka kwenye uamuzi usiomfaa. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kinachostahili kulinganishwa ni muda wote tangu mtu anapoondoka anakotoka hadi anapofika anakokwenda, pamoja na uwezekano wa muda huo kuvurugika njiani. Kilomita zina kazi yake, nami nitaionyesha, lakini si kazi ya kumchagulia mtu tiketi.

Umbali unaoandikwa ni upi

Umbali unaotajwa kati ya viwanja viwili kwa kawaida ni ule wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, njia ambayo wataalamu wa ramani huiita duara kuu. Ukichukua tufe la dunia na kuvuta uzi kati ya miji miwili mpaka ukaze, uzi huo utakuonyesha njia hiyo. Mstari ulionyooka kwenye ramani bapa ya ukutani hukuonyesha nyingine, iliyo ndefu zaidi, hasa miji yote miwili inapokuwa mbali na ikweta. Ndiyo maana ndege itokayo London kwenda Los Angeles hupanda kaskazini hadi Greenland kabla ya kushuka juu ya Kanada, jambo linalomshangaza abiria anayeitazama njia kwenye skrini iliyo mbele ya kiti chake.

Inafaa pia kuangalia kipimo kilichotumika. Kutoka Heathrow mjini London hadi uwanja wa John F. Kennedy wa New York ni kilomita 5,540 hivi, sawa na takriban maili 3,440 za nchi kavu, lakini marubani huhesabu kwa maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852, na kwao umbali huohuo ni maili 2,990. Mtu akilinganisha safari mbili kutoka vyanzo viwili bila kujua ni maili zipi zilizotumika, anaweza kupata tofauti ya asilimia 15 ambayo haipo.

Singapore hadi New York, kwa njia mbili

Mfano unaolifafanua jambo hili vizuri ni safari kati ya Singapore na uwanja wa John F. Kennedy, kwa sababu shirika moja, Singapore Airlines, limekuwa likiziendesha njia zote mbili: ndege isiyotua popote, iliyoanza kwenda uwanja huo Novemba 2020, na nyingine inayotua Frankfurt kisha ikaendelea. Kwa duara kuu, safari ya moja kwa moja ni kilomita 15,340 hivi. Kupitia Frankfurt ni takriban kilomita 10,280 za kipande cha kwanza na 6,190 za kipande cha pili, jumla kilomita 16,470. Tofauti ni kilomita 1,130 tu, yaani nyongeza ya asilimia 7, na kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa nyongeza hiyo ingepaswa kumgharimu abiria saa moja na robo. Hata hivyo, ndege ya moja kwa moja huchukua saa 18 na nusu hivi, wakati safari ya Frankfurt hukaribia saa 23 au 24 tangu kuondoka hadi kufika.

Saa hizo tano zinatoka wapi? Takriban mbili huishia Frankfurt, ndege ikiwa imesimama. Nyingine huliwa na mambo yasiyoonekana kwenye hesabu ya kilomita: kushuka, kujipanga kwenye foleni ya kutua, kusogea hadi lango la kushukia, kisha kuyarudia yote hayo kinyume wakati wa kuondoka, na kupanda tena polepole hadi kimo ambacho ndege huweza kwenda kwa kasi yake kamili. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya upepo. Kupitia Frankfurt, vipande vyote viwili vinaelekea magharibi, dhidi ya pepo za juu zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Njia fupi kabisa kati ya Singapore na New York hupita karibu sana na Ncha ya Kaskazini, lakini ndege ya moja kwa moja inapoelekea New York mara nyingi huiacha njia hiyo na kuvuka bahari ya Pasifiki, ambako husukumwa na pepo hizo kutoka nyuma. Inakwenda kilomita nyingi zaidi ya zile zilizoandikwa, na bado inafika mapema kuliko ambavyo ingefika kwa njia fupi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila msafiri angepaswa kulijua kuhusu umbali wa angani: rubani hutafuta njia ya muda mfupi na mafuta machache, na njia hiyo si lazima iwe fupi kwa kilomita.

Kwa mtu mwenye afya nzuri anayethamini muda wake, hapa sina shaka kwamba ndege ya moja kwa moja ndiyo bora. Lakini saa 18 na nusu ni muda mrefu wa kukaa kwenye kiti kimoja, na mtu ambaye daktari wake amemtahadharisha kuhusu kuganda kwa damu miguuni, au anayesafiri na mtoto mdogo, anaweza kuona kwamba mapumziko ya katikati, anapopata nafasi ya kutembea na kunyoosha mwili, yanastahili zile saa tano.

Kwenda na kurudi si safari moja

Watu wengi hulinganisha safari ya kwenda peke yake, kisha wakanunua ya kurudi kwa mpangilio uleule. Kati ya London na New York, kwenda magharibi huchukua takriban saa 8 na kurudi mashariki takriban saa 7, ingawa viwanja ni vilevile. Majira ya baridi ya nusu ya kaskazini ya dunia, pepo hizo zinapokuwa na nguvu zaidi, tofauti huongezeka. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopewa jina la Ciara, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa muda unaopungua saa 5. Kilomita hazikupungua hata moja.

Mwinuko wa uwanja nao una sauti yake. Uwanja wa Bole wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hutoa msukumo mdogo, kwa hiyo ndege haiwezi kuruka ikiwa na uzito ambao ingeubeba kutoka uwanja wa pwani. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Washington imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta, ilhali ile ya kurudi, inayoondoka karibu na usawa wa bahari na kusukumwa na upepo wa nyuma, imekuwa ikifika Addis Ababa bila kutua. Ni umbali uleule na shirika lilelile, na bado mtu aliyejiandaa kwa safari ya moja kwa moja pande zote mbili angeshtuka. Linganisha kila upande peke yake, na usome kama tiketi inataja kituo cha njiani, kwa kuwa ndege yenye namba moja ya safari inaweza kutua katikati bila abiria kuibadilisha.

Anga zilizofungwa

Tangu Februari 2022, Urusi na nchi nyingi za Ulaya zimefungiana anga, na miongoni mwa walioguswa sana ni msafiri wa kati ya Helsinki na Tokyo. Umbali kwa duara kuu ni kilomita 7,800 hivi, na safari hiyo ilikuwa ikichukua saa 9 na nusu kwa kupita juu ya Siberia. Baada ya anga kufungwa, ndege ya Finnair ililazimika kuzunguka, ama kupitia Ncha ya Kaskazini au upande wa kusini, na muda ukafika takriban saa 13. Tovuti za kupima umbali ziliendelea kuandika kilomita zilezile. Vivyo hivyo, vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 na anga yake kufungwa, ndege zilizokuwa zikipita hapo kati ya Afrika ya mashariki na Ulaya zililazimika kutafuta njia za pembeni. Kwa hiyo muda wa safari ulioandikwa miaka michache iliyopita, hata kama ulikuwa sahihi siku hiyo, usiuamini bila kuulinganisha na ratiba ya sasa ya shirika lenyewe.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi

Muda unaotangazwa na shirika huanza ndege inaposogea kutoka lango la kuondokea na huisha inaposimama kwenye lango la kufikia. Ndani yake mna foleni ya kuelekea njia ya kurukia, mzunguko wa kusubiri nafasi ya kutua, na dakika za akiba ambazo shirika hujiwekea ili lisihesabiwe limechelewa. Katika takwimu za Marekani, ndege iliyochelewa chini ya dakika 15 huhesabiwa imefika kwa wakati. Kati ya Heathrow na Charles de Gaulle wa Paris kuna kilomita 350 hivi, ambazo kwa kasi kamili ya ndege ya jeti zingemalizika chini ya nusu saa, lakini tiketi husema saa moja na dakika 15 au 20. Hakuna aliyedanganya. Ni kwamba kwenye safari fupi sehemu kubwa ya muda hutumika nje ya mwendo kasi, na kila kituo cha njiani kinachoongezwa kwenye safari ndefu huleta gharama hiyohiyo kwa mara nyingine.

Saa za kuondoka na kufika huandikwa kwa saa za kila mji, na hapa ndipo wengi hupotea. Chukulia tiketi inayosema ndege inaondoka New York saa 19:00 na kufika London saa 07:00 kesho yake, na ya kurudi inaondoka London saa 11:00 na kufika New York saa 14:00. Kwa macho ya haraka, ya kwanza ni safari ya saa 12 na ya pili ya saa 3. Ondoa saa 5 za tofauti ya miji kwenye ile ya kwanza, ziongeze kwenye ya pili, utapata 7 na 8. Tofauti hiyo nayo haikai imetulia mwaka mzima: Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi, na Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu kati ya New York na London huwa kuna saa 4 tu. Anayeunganisha ndege mwenyewe kwa tiketi mbili tofauti katika wiki hizo, akitumia tofauti aliyoizoea, anaweza kukosea kwa saa nzima.

Kuuchagua mji wa kuunganishia

Kuna safari ambazo hazina ndege ya moja kwa moja, na hapo ulinganisho huwa kati ya miji ya kupitia. São Paulo na Tokyo ziko karibu pande mbili zinazokabiliana za dunia, kilomita 18,500 hivi. Kupitia New York, jumla ya vipande viwili ni karibu sawasawa na umbali huo, kwa sababu mji huo uko kwenye njia fupi yenyewe. Kupitia Frankfurt huongeza takriban kilomita 670, chini ya asilimia 4. Anayeangalia kilomita atachagua New York bila kusita.

Lakini Marekani, kwa kawaida, abiria wa kimataifa anayepita tu hupaswa kuingia nchini kabisa: anahitaji viza au kibali cha kusafiri, anapanga foleni ya uhamiaji, anachukua begi lake, anapita forodha, analikabidhi tena na kukaguliwa upya. Katika viwanja vingi vya Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia, abiria wa namna hiyo hubaki eneo la ndani na begi hupelekwa na wahudumu, ingawa raia wa baadhi ya nchi huhitaji viza ya kupita hata Ulaya. Kwa hiyo mwenye hati ya kusafiria inayomruhusu kuingia Marekani bila usumbufu na asiye na hati hiyo hawana jibu moja, na kilomita 670 ni kitu kidogo sana mbele ya viza iliyokataliwa.

Baada ya viza, kinachofuata kwa uzito ni tiketi yenyewe. Vipande viwili vikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine. Vikiwa kwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, shirika la pili litakuhesabu kuwa hukutokea, na hakuna anayewajibika kwako. Mimi nisingeinunua safari ya tiketi mbili isipokuwa kama kuna usiku mzima kati ya kufika na kuondoka, au kama ninaweza kumudu kuipoteza tiketi ya pili. Kwenye tiketi moja, mahali ambapo hakuna uhamiaji wala kubadilisha jengo, saa moja na nusu hutosha kwa utulivu. Panapokuwa na uhamiaji, nisingependa kupungukiwa na saa tatu. Shirika linaweza kukuuzia muda mfupi zaidi, kwa kuwa kila uwanja una kiwango chake cha chini kinachoruhusiwa, lakini kiwango hicho ni cha siku ambayo mambo yote yamekwenda sawa.

Kabla ya kununua, uliza pia kama uwanja wa kufikia na wa kuondokea ni mmoja. Narita na Haneda vyote huitwa Tokyo, ila Narita uko takriban kilomita 60 kutoka katikati ya mji, na kuhama kutoka mmoja hadi mwingine ni safari ya basi au treni inayojitegemea.

Hapa ndipo kilomita zinaporudi na uzito wao. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 hupanga fidia ya abiria aliyecheleweshwa kwa kufuata umbali: euro 250 hadi kilomita 1,500, euro 400 kwa umbali wa kati, na euro 600 kwa safari za nje ya Umoja huo zinazozidi kilomita 3,500. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kwa aliyeunganisha ndege umbali huhesabiwa kwa duara kuu kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari, si kwa kujumlisha vipande. Aliyezungushwa kupitia mji wa mbali hapati zaidi kwa mzunguko huo, na ucheleweshaji wake hupimwa mahali pa mwisho pa safari, ilimradi vipande vyote viko kwenye tiketi moja.

Safari fupi

Chini ya kilomita 600 hivi, ulinganisho wa kuunganisha karibu hauna maana, kwani mji wa tatu huongeza muda maradufu au zaidi. Swali huwa la aina ya ndege na mahali uwanja ulipo. Ndege ya rafadha, yaani ya mapanga yanayozunguka, kama ATR 72 huenda takriban kilomita 500 kwa saa na ya jeti kilomita 830, lakini kwenye umbali wa kilomita 400 tofauti halisi ni kama dakika 20, ambazo humezwa na uwanja ulio mbali na mji. Milan ina Linate, ulio pembezoni mwa mji, na Malpensa, ulio kilomita 50 hivi nje yake. Anayekwenda katikati ya Milan ana sababu nzuri ya kuchagua Linate hata kwa ndege inayochukua muda mrefu zaidi angani. Kati ya Madrid na Barcelona, zilizotengana kwa kilomita 480 hivi, treni ya kasi iliyoanza mwaka 2008 hutumia takriban saa 2 na nusu kutoka kituo hadi kituo, na ndege ya saa moja na robo huishinda tu kwa anayeunganisha kwenda mbali zaidi au anayeishi karibu na uwanja.

Ipi kwa nani

Anayekwenda kwenye mkutano, mtihani, matibabu au mazishi, yaani jambo lisilomngoja, achague ndege ya moja kwa moja hata kama inaondoka saa isiyopendeza, na kama haipo, achague mji wa kuunganishia wenye ndege nyingi kwa siku kuelekea anakokwenda. Jambo hili huulizwa na wachache mno: ukikosa ndege ya pili, inayofuata ni lini? Mji wenye ndege sita kila siku hukuchelewesha saa chache, na wenye ndege tatu kwa wiki unaweza kukulaza siku mbili, hata kama kwenye karatasi safari zote mbili zina saa 14.

Mwenye nafasi ya siku, asiyebanwa na viza na anayepata tiketi moja, anaweza kuunganisha bila hofu, na apendelee mji ulio karibu na njia fupi, kwa sababu nyongeza ya asilimia 5 haihisiki wakati nyongeza ya asilimia 30 ni saa kadhaa za kiti. Aangalie pia saa ya kufika. Ndege ya kuunganisha inayofika mchana inaweza kumfaa kuliko ya moja kwa moja inayotua usiku wa manane katika uwanja ambao treni na mabasi yake yameshalala, kwani saa tatu alizookoa angani atazikalia kwenye ukumbi wa kufikia akisubiri kupambazuke.